Dhahabu tunaipima kwa gramu, wasio na nyumba tunawakisia

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumamosi asubuhi)



Tarehe 17 Machi 2019 lilifunguliwa mjini Geita soko la kwanza la madini katika nchi yetu. Baadaye masoko mengine yakafuata, likiwemo la Kahama. Tangu siku hiyo mchimbaji mdogo anaingia na kipande chake cha dhahabu kilichofungwa kwenye karatasi, kinawekwa kwenye mizani mbele ya afisa wa serikali, na uzito unaandikwa gramu pamoja na vipande vya gramu. Mrabaha unakatwa, risiti inatoka, na jioni ofisi inajua ni dhahabu kiasi gani imeuzwa siku hiyo. Ni jambo jema, na silibezi hata kidogo.

Lakini leo naomba kuuliza swali dogo. Kati ya Shinyanga na Geita, usiku wa kuamkia leo, ni watu wangapi wamelala chini ya turubai? Wangapi wamelala barazani mwa maduka pale Katoro? Wangapi wamelala stendi ya Kahama, si kwa sababu basi limewaacha, bali kwa sababu hapo ndipo wanapolala kila siku?

Ukilipeleka swali hilo halmashauri utapewa kiti, pengine na chai, lakini namba hutapewa. Huyu atakuambia "ni wengi", yule atakuambia "siyo wengi kama watu wanavyodai". Wote wawili wanakisia. Basi tumefikia mahali ambapo jiwe lina kumbukumbu nzuri kuliko binadamu aliyelitoa ardhini.

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu watu ambao wangeweza kutupatia jibu: vijana wetu watafiti, hasa wale waliochagua kuchunguza habari za nyumba na za watu wasio na makazi. Najua wapo watakaosema, "Ah, leo katuletea habari za wasomi." Naomba mnivumilie. Kwanza tuliangalie tatizo lenyewe, halafu tutawarudia hao vijana.

Tunaposikia maneno "mtu asiye na makazi" wengi wetu tunamfikiria ombaomba wa mjini, amelala juu ya boksi karibu na msikiti au kanisa. Huyo yupo, na ni ndugu yetu. Lakini katika ukanda huu wa dhahabu mtu asiye na makazi ana sura nyingi, na nyingine hazifanani kabisa na ombaomba.

Sura ya kwanza ni ya mchimbaji mdogo. Habari zinavuma kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana. Serikali inaita mfumuko wa madini. Wachimbaji wenyewe wanaita rashi. Katika muda mfupi shamba la mihogo linageuka mji. Miti inakatwa, maturubai yanafungwa, mama lishe wanawasha moto, karasha zinanguruma, na mabroka wanafika na vimizani vyao. Kila mmoja pale ana kwao: Bariadi, Kibondo, Sengerema, Nzega. Ukimuuliza kama ana nyumba atakujibu kwa fahari kwamba anayo, ya bati. Lakini pengine nyumba hiyo hajailalia kwa miaka mitano. Je, huyu ana makazi au hana? Hilo si swali la kuchezea maneno. Jibu lake ndilo linaloamua kama kijiji kitachimbiwa vyoo, kama zahanati itapelekewa dawa za kutosha, na kama mtoto aliyezaliwa pale machimboni ataandikishwa shule.

Sura ya pili ni ya mtu aliyepisha mgodi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Kila mgodi unapokuja, yupo aliyekuwa analima au kuishi pale. Wengine wamelipwa fidia wakajenga vizuri, nao tuseme ukweli wao. Lakini tunawakumbuka pia wale wa Mtakuja, Geita, walioondolewa mwaka 2007, wakaja kuishi kwenye mahema na vibanda katika kambi iliyobatizwa jina la Sophia Town. Kambi ile haikuwa ya wiki mbili. Wakubwa walikwenda na kurudi, kamera zilikwenda na kurudi, na mahema yakazidi kuchakaa.

Sura ya tatu ni ya mtu aliyekuwa na nyumba jana, leo hana. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo vilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wameangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe. Mamia ya familia zikabaki bila paa. Na tarehe 7 Novemba 2022, pale Mwadui, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi ulibomoka, tope likaingia kwenye mashamba na nyumba za vijiji vya jirani. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini wapo waliolala wakiwa na nyumba na mashamba, na jua la siku iliyofuata likachwa wakiwa wageni katika nyumba za watu.

Na sura ya nne ni ya mtoto. Huyu simwelezi sana, maana kila msikilizaji wa Kahama, Shinyanga mjini na Geita anamjua. Anabeba mizigo stendi, anaokota chupa, usiku anajikunyata mahali. Tunamwita mtoto wa mitaani, kana kwamba mtaa ndio uliomzaa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tazama jinsi watu walivyoongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 1,739,530 katika Mkoa wa Geita. Sensa ya Agosti 2022 iliwakuta 2,977,608. Maana yake katika miaka 10 mkoa mmoja umeongezeka watu zaidi ya milioni 1.2. Mkoa wa Shinyanga nao ulitoka watu 1,534,808 ukafika 2,241,299. Watu wote hao wanalala mahali. Nani amewajengea? Wanalipa kodi kiasi gani? Kuta zao zitahimili mvua kama ile ya Mwakata?

Sensa ni kazi kubwa na ya kuheshimika. Usiku ule wa 2022 makarani waliwahesabu hata waliolala nje ya kaya. Lakini sensa ni picha ya usiku mmoja kila baada ya miaka 10, na turubai la mchimbaji halikai miaka 10. Leo liko Mwakitolyo, kesho kutwa liko Nyarugusu, mwezi ujao limevuka mkoa. Kulifuata turubai kunahitaji mtu wa kutembea nalo, kukaa chini na wenye nalo, kuuliza, kuandika, kurudi tena na kuuliza upya. Mtu huyo ndiye mtafiti. Na kwa kuwa kazi yenyewe ni ya jua, vumbi na kulala gesti zisizo na maji, mara nyingi mtafiti huyo ni kijana.

Tusidhani kwamba nchi yetu haijawahi kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 1956 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, J.A.K. Leslie, alianza kuichunguza Dar es Salaam mtaa kwa mtaa: nani anaishi chumba gani, anatoka wapi, analipa nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963 na mpaka leo wanaosoma historia ya mji ule hawawezi kukiruka. Mwaka 1975 Richard Stren alitoa kitabu juu ya sera ya nyumba na tatizo la ujenzi holela nchini Tanzania. Mwaka 1995 Mtanzania mwenzetu, Joe Lugalla, akaandika juu ya umaskini wa mijini, na mwaka 1999 yeye na Jessie Mbwambo wakatoa makala juu ya maisha ya watoto wa mitaani. Pale Ardhi, Dar es Salaam, Kituo cha Mafunzo ya Nyumba kilianzishwa mwaka 1979 kwa msaada wa Uholanzi, na chuo chenyewe kikawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007.

Lakini angalia ramani ya kazi hizo. Nyingi zinaanzia na kuishia Dar es Salaam. Huku kwetu kazi kubwa zimefanyika pia, mathalani ile ya mwaka 2012 ya Deborah Bryceson na wenzake, akiwamo mwanajiolojia wetu Crispin Kinabo, iliyoeleza jinsi madini yanavyozaa miji nchini Tanzania. Ni kazi nzuri. Ila kazi za namna hiyo mara nyingi zinategemea fedha kutoka nje, na fedha za nje zina kalenda yake. Mradi ukiisha, gari linarudi uwanja wa ndege. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi kama elimu ya kupika dawa inaondoka na mgeni?

Sasa niwaeleze habari za kijana mmoja. Sitamtaja jina wala chuo chake, maana hakuja kwangu kulalamika. Alikuja studio asubuhi moja, binti wa miaka ishirini na kitu, anasoma shahada ya uzamili, begi mgongoni, viatu vyekundu kwa vumbi. "Shikamoo kaka," akasema, "naomba kujua kama mmesikia rashi mpya iko wapi." Nikamcheka kidogo nikamuuliza kama na yeye anataka kuchimba. Akasema yeye anachimba habari za nyumba.

Akanieleza safari yake. Utafiti wake ulikuwa juu ya namna wachimbaji wanavyojipatia mahali pa kulala. Alikuwa na barua ya chuo. Barua ya chuo ikampeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ya Mkoa ikampeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Ya Mkurugenzi ikampeleka kwa Mtendaji wa Kata, na ya Mtendaji wa Kata ikampeleka kwa Mtendaji wa Kijiji. Mahali pamoja mwenye kusaini alikuwa semina, pengine mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko msibani. Zikapita wiki saba. Alipofika kwenye machimbo aliyoyaandika katika pendekezo lake la utafiti, alikuta mashimo matupu, majivu na vipande vya kamba za katani. Mji mzima ulikuwa umehama. Wiki saba za mihuri, na wale aliokuja kuwauliza wako kilomita arobaini mbele, katika wilaya nyingine, inayohitaji barua nyingine.

Hapo bado sijagusa fedha. Nauli alichangiwa na kaka zake. Gesti alilipa mwenyewe. Alikuwa amepanga kukaa mwezi mmoja. Fedha zikaisha siku ya 11. Bado sijagusa usalama pia. Kambini wengine walimdhani mpelelezi wa kampuni, wengine wakamdhani mtu wa mapato, na wengine, kwa kuwa ni mwanamke peke yake, wakamdhani kitu kingine kabisa. Msimamizi wake yuko Dar es Salaam, ana wanafunzi wengi, na simu haipokelewi kila siku.

Kwa ujasiri wake alimaliza. Akaandika tasnifu yake kwa Kiingereza, kama taratibu zinavyotaka, nakala zikajalidiwa, moja ikawekwa maktaba. Nilipompigia simu miezi kadhaa baadaye nikamuuliza halmashauri wamesema nini kuhusu aliyoyagundua. Akanijibu, "Kaka, nani awapelekee? Na wakipelekewa, nani atasoma?" Siku hizi anafanya kazi ya udodosaji katika mradi wa watu kutoka nje. Anajaza dodoso zilizotungwa na mtu ambaye hajawahi kuona duara la dhahabu, analipwa kwa siku, na jina lake, Mungu akipenda, litaonekana katika ukurasa wa shukrani.

Ndugu wasikilizaji, huo ni upotevu. Tumemsomesha kijana kuanzia darasa la kwanza mpaka uzamili. Amekwenda mahali ambapo wengi wetu hatuthubutu kulala. Amejua jambo ambalo ofisi zetu hazilijui. Halafu tumemwachia alifungie maktaba, yeye mwenyewe tukamfanya kibarua.

Najua hoja itakayotolewa, na ni hoja yenye uzito. Kuna mtu anasema: zahanati haina dawa, watoto wanakaa chini, wewe unataka tumpe fedha mtu wa kuuliza maswali? Si bora fedha hizo zinunue mabati?

Namjibu kwa heshima kwamba mabati tutawapelekea akina nani, na tutayaezeka juu ya kuta gani? Baada ya Mwakata kila mtu alisema nyumba zile zilikuwa dhaifu. Kumbe tulijua? Kama tulijua, nani alipita kabla ya mvua ile akaandika ni nyumba ngapi zina kuta za udongo zisizo na msingi, ni ngapi za fulusuti, nyasi juu mpaka chini, na familia gani ina wazee wasioweza kukimbia? Nchi hii ina wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, uliotokana na kitengo kilichoanzishwa mwaka 1971. Utaalamu wa kuimarisha ukuta wa udongo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema ukuta upi, wa nani, uko wapi. Bila hilo msaada unafika baada ya mazishi, na baada ya mazishi msaada unaitwa rambirambi.

Tena fidia. Mgodi unapotaka eneo, mthamini anakuja kuhesabu miti na vyumba. Nani anarudi baada ya miaka mitatu kuona yule aliyelipwa anaishi wapi? Alijenga? Alipanga? Fedha ziliisha akarudi kuchimba? Hatujui, na kwa kuwa hatujui, kila fidia mpya tunaanza kama watu waliozaliwa jana. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ikiwa hoja imeeleweka, basi tufanye nini? Bahati nzuri mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1995 ilianza kazi taasisi ya REPOA, ya utafiti wa kupunguza umaskini. Kwa miaka mingi iliwapa watafiti wa Kitanzania fedha ndogo ndogo za utafiti. Lakini haikuwapa fedha ikawaacha. Kijana alifundishwa kwanza namna ya kuandika pendekezo, akapangiwa mtu mzima wa taaluma wa kumwongoza, kazi yake ikasomwa na kukosolewa, na ikifaa ikachapishwa kwa jina lake. Katika Afrika, CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, na OSSREA ya Addis Ababa, ya mwaka 1980, nazo zimewasaidia vijana wa sayansi ya jamii kwa njia zinazofanana na hiyo. Ulaya nako watafiti wa nyumba waliunda mtandao wao mwaka 1988, na wanaoanza wamewekewa mkutano wao maalumu, wasimezwe na maprofesa. Hakuna uchawi hapo. Ni fedha kidogo, mwalimu wa kumshika mkono, na mahali pa kusemea.

Mimi ni mwandishi wa habari wa stashahada, si profesa. Lakini kwa miaka mingi ya kazi hii nimezunguka machimbo haya na kinasa sauti, na nathubutu kutoa mapendekezo matano.

La kwanza ni fedha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Katika mipango hiyo tunaona madarasa, visima na madawati. Ni vyema. Naomba iongezwe mistari miwili tu: fungu la kuwasaidia vijana wachache kila mwaka kufanya utafiti wa nyumba na makazi katika wilaya hiyo. Nauli, malazi, wakalimani wa Kisukuma, Kizinza na Kisumbwa, na gharama za kuchapa ripoti. Ukilinganisha na darasa moja, ni fedha ndogo. Ila kuna sharti. Fedha hizo zisitoke mkononi mwa kampuni kwenda mkononi mwa kijana. Zipitie COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, au chuo kikuu, na kampuni isiwe na kauli juu ya nani achaguliwe wala nini kiandikwe. Aliyekulisha chakula cha jioni ni vigumu kumwambia kwamba chumvi imezidi.

La pili ni mihuri. Sisemi watafiti wapite bila ruhusa. Utaratibu unalinda wananchi, na wapo matapeli wanaojiita watafiti. Lakini barua ya mwanafunzi wa chuo chetu, aliyethibitishwa na chuo chetu, isichukue wiki saba. Halmashauri imteue afisa mmoja, wa mipango miji au wa maendeleo ya jamii, apokee barua na kuijibu ndani ya siku tano. Na katika ukanda wa madini ruhusa itaje mkoa mzima, maana anayefuatiliwa anahama.

La tatu linawahusu wakubwa wa vyuo na wafadhili. Kijana akifanya kazi ya shambani, jina lake liandikwe mbele, palipo na majina ya waandishi. Mradi wa kutoka nje ukija, asiitwe kuja kujaza dodoso tu. Aitwe siku ya kuzitunga. Yeye ndiye anayejua kwamba ukimuuliza mchimbaji "una nyumba?" atajibu ndiyo, na kwamba swali la kweli ni "jana ulilala wapi?"

La nne ni lugha. Hakuna sheria inayokataza tasnifu ya Kiingereza kuwa na kurasa mbili za Kiswahili. Kurasa mbili tu, zilizoandikwa kwa lugha ya mwenyekiti wa kijiji, zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika mkutano wa hadhara. Na hapa sisi wa redio tusikwepe. Tuna saa nzima za salamu na muziki. Nimekwisha waomba wakubwa wangu wa kituo, na wamekubali, kwamba kila mwezi tutenge nusu saa. Kijana yeyote aliyefanya utafiti wa makazi katika mikoa hii miwili aje aeleze amegundua nini, na wananchi wapige simu wambishie. Hakuna mtihani mgumu kama huo.

La tano linawahusu vijana wenyewe. Mkienda kwa mtu anayelala chini ya turubai, msimwahidi nyumba. Msipige picha ya uso wake kwa sababu tu hana mlango wa kuufunga. Jina lake mlifiche, maana wengine wapo pale bila leseni, na wengine wamewakimbia waume au wadeni. Na mkimaliza, rudini. Mwaka 2015 pale Nyangalata wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ilishangilia. Ni haki kushangilia. Lakini mchimbaji si habari pale tu anapofukiwa. Usiku akipanda juu ya ardhi anahitaji mahali pa kuweka kichwa, na nyinyi ndio mnaoweza kutueleza kama anapapata.

Kuna msemo wa siku nyingi kwamba bila utafiti mtu hana haki ya kusema. Tukiufuata barabara, basi katika suala hili la makazi viongozi wetu, waandishi wetu na mimi mwenyewe tungetakiwa kunyamaza kwa muda mrefu. Hatuwezi kunyamaza, kwa sababu mvua za masika haziwasubiri wasomi. Lakini tunaweza kuwasaidia wale wanaotaka kujua, ili tukisema tuwe tunasema kitu.

Waheshimiwa madiwani wa Geita, Kahama, Msalala, Mbogwe na Shinyanga, vikao vya bajeti vinakuja. Mtaletewa mpango wa mwaka wa huduma kwa jamii, mtapitia mistari ya madawati na visima. Mkifika mwisho wa ukurasa, ulizeni kama kuna hata shilingi moja ya kujua wapiga kura wenu wanalala wapi. Kama haipo, iwekeni.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena Jumamosi ijayo saa kama hii.